Uchovu wa Mpimaji Huishia Kwenye Miwani ya Mgonjwa

Mwanafunzi wa optometria, fani ya kupima macho na kuandika miwani, akikaa sentimita 50 kutoka kwa mgonjwa badala ya 67, halafu akapunguza kwenye jibu dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 1.50 za umbali wa 67 kama alivyozoea badala ya 2.00 za umbali wa 50, jibu lake hukosea kwa dayopta 0.50 hata kama mwanga wa retinoskopu, kifaa cha kumulika jicho ili kujua namba ya miwani, ameusoma vizuri kabisa. Mtoto wa shule anayehitaji -1.00 ataandikiwa -0.50. Atavaa miwani, atahamishiwa dawati la mbele, na bado ubao atausoma kwa kukunja macho. Ukichunguza kwa nini mwanafunzi alisogea mbele, mara nyingi hesabu anaijua. Kilichomsogeza ni mgongo uliochoka, usiku wa saa nne za usingizi, na tumbo ambalo tangu asubuhi limeona chai ya rangi tu. Mtu aliyechoka huinama, na akiinama kliniki huwa ameshabadilisha kipimo.

Kwa sababu hiyo siafiki namna afya ya mwanafunzi inavyozungumzwa vyuoni, kana kwamba masomo yako upande huu na afya upande ule, na kazi yako ni kugawa muda. Katika fani hii jicho lako, shingo yako na usingizi wako vimo ndani ya kipimo chenyewe, sawa na lenzi zilizo kwenye sanduku la majaribio. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya anayesomea optometria na kufanya mazoezi kwa vitendo huku Nyanda za Juu Kusini, awe ametokea KCMC Moshi au kwingineko, akapangiwa Mbeya, Iringa au Njombe. Baridi, vumbi na jua la huku vina mambo yake.

Tuanze na umbali, kwa kuwa tiba yake ni rahisi. Kata uzi imara wenye urefu wa sentimita 67, funga ncha moja kwenye mpini wa retinoskopu, na ncha nyingine piga fundo. Kila baada ya wagonjwa watatu au wanne, nyoosha uzi mpaka fundo liguse fremu ya majaribio. Ukilegea, umesogea. Mwenye mikono mifupi asijilazimishe 67. Apime urefu wa mkono wake akiwa amekaa wima, achague 50 kama ndiyo inayomfaa, na atoe 2.00 siku zote. Kinachoharibu kazi ni kuhama kutoka umbali mmoja kwenda mwingine bila kujua, na kuhama huko huanza pale kiti kinapokuwa kibaya. Kwa hiyo weka kwanza kiti chako, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, ndipo umrekebishe mgonjwa. Wengi hufanya kinyume: wanampanga mgonjwa vizuri kwa heshima, kisha wao wenyewe wanajikunja kumfuata.

Kwenye sliti lampu, darubini yenye taa ya kuchunguzia jicho, kosa ni lile lile, na linaongezewa la macho. Kabla ya mgonjwa kuweka kidevu, rekebisha lenzi za kuchungulia zilingane na umbali wa mboni zako, na kila moja ilingane na namba ya jicho lako. Tumia kijiti cha kulengea kilichokuja na mashine, jicho moja baada ya jingine, ukianzia upande wa chanya na kuteremka polepole hadi picha itulie. Ukiruka hatua hiyo, jicho lako hujikaza muda wote ili lione, na saa sita mchana kichwa kinagonga. Mkono unaoshika lenzi ya dayopta 90 ya kutazamia retina, utando wa nyuma ya jicho, nao unahitaji kuegemezwa. Kipande cha mbao au hata boksi tupu la karatasi laini chini ya kiwiko kinatosha. Bega linaloning'inia hewani kwa dakika kumi hutetemeka, na retina hutaiona.

Ofthalmoskopu ya mkononi, kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho, ina sheria inayojulikana: jicho lako la kulia kwa jicho lake la kulia, la kushoto kwa la kushoto. Anayetumia jicho moja kwa yote mawili huishia kupinda kiuno kama ndoano na kupumuliana puani na mgonjwa. Pandisha kiti cha mgonjwa juu. Kama hakipandi, tanua miguu na ukunje magoti badala ya kiuno.

Simu kitandani, kwa hesabu

Jicho linapotazama karibu hujikaza. Kwenye umbali wa sentimita 40 linahitaji dayopta 2.50 za kujikaza. Kwenye sentimita 20, ambako simu hukaa ukiwa umelala ubavu na desa (maandishi ya kusomea) limefunguliwa, linahitaji 5.00. Kanuni ya Hofstetter tunayofundishwa inasema kiwango cha chini cha uwezo huo ni 15 kutoa robo ya umri. Kwa kijana wa miaka 22 ni 9.50. Uzoefu wa kliniki ni kwamba mtu hukaa bila maumivu kwa muda mrefu akitumia nusu tu ya uwezo wake, yaani hapo ni 4.75. Kwa simu ya sentimita 20 umeshapita mstari. Na kama una +1.50 ambayo hujawahi kuivalia miwani kwa kuwa "unaona vizuri tu", ongeza hiyo 1.50 juu, ufike 6.50. Hapo maumivu ya kichwa ya jioni yamepata maelezo, na si uchawi wala presha.

Desa linalosomwa kwenye simu lisomewe mezani, simu ikiegemezwa kwenye kitabu, umbali wa mkono uliokunjwa kidogo. Ukiweza kulichapa, lichape. Kila dakika 20 inua macho, tazama kitu kilichoko mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Geto likiwa dogo, tazama nje dirishani. Mbeya mjini mlima Loleza unauona kutoka mitaa mingi, nao uko mbali vya kutosha kulilegeza jicho. Kupepesa nako kunahitaji kukumbukwa: mtu anayekazia skrini hupepesa chini ya nusu ya kawaida yake, na hewa kavu ya Iringa yenye upepo humalizia kilichobaki. Pepesa kwa kufumba kabisa. Kope zisipokutana, sehemu ya chini ya konea, kioo cha mbele ya jicho, hubaki kavu.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wanafunzi kila mwaka. Mtu amesoma tangu alasiri, saa tatu usiku anainua macho, chati ya ukutani imefifia. Anajipima, anajikuta na -0.50, anajiandikia miwani. Lile ni jicho lililokakamaa kwa kusoma karibu, halijageuka kuwa na tatizo la kuona mbali. Vipimo vyako mwenyewe fanya asubuhi, kabla ya kusoma, na afanye mwenzako au msimamizi, kwa kuanza na lenzi za chanya zinazofifisha na kupunguza kidogo kidogo. Kukiwa na shaka, ni matone ya kulegeza jicho ndiyo yaamue. Na ukianza kuona mistari ikijigawa miwili unaposoma, sogeza kalamu taratibu kuelekea puani. Ikiwa inagawanyika ikiwa bado mbali zaidi ya sentimita 10, mweleze msimamizi akupime vizuri macho yanavyokutana. Hilo lina mazoezi yake na hupona.

Ninyi kwa ninyi mkiwa vifaa vya mazoezi

Hakuna fani nyingine ninayoijua ambapo wanafunzi hupeana macho yao namna hii. Kila mmoja ni mgonjwa wa mwenzake, na wema huo unahitaji utaratibu, la sivyo unaumiza.

Tropicamide hupanua mboni kwa saa nne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Cyclopentolate inaweza kukunyima kuona karibu kwa siku nzima. Kwa hiyo matone ya kupanua mboni hayawekwi siku ya kuamkia testi. Ijumaa alasiri ndiyo muda mzuri. Wekeni jicho moja tu kwa kila mtu, ili jingine libaki la kusomea, na andikeni kwenye daftari la darasa: nani, jicho gani, dawa gani, saa ngapi. Bila daftari, yule mpole asiyejua kukataa hujikuta anawekewa kila wiki. Kabla ya tone lolote, angalia kwa sliti lampu kama kona ya ndani, kati ya konea na duara la rangi la jicho, ni pana. Kona nyembamba ikikutwa, huyo hawekwi, na msimamizi ajulishwe. Baada ya hapo kofia na miwani ya jua. Mbeya iko kwenye kimo cha kama mita 1,700 na Njombe inakaribia 2,000, na mionzi ya jua huongezeka kadiri unavyopanda, hata siku ambayo hewa ni baridi na jua linaonekana la upole. Mwenye mboni iliyopanuka asiendeshe pikipiki.

Matone ya ganzi ni habari nyingine, na hapa naomba usomaji wa makini. Jicho likikuwasha baada ya mazoezi ya tonometa (kifaa cha kupima presha ya jicho), usijiwekee tena ganzi ili upate utulivu. Ganzi huzuia konea kujiponya na kukunyima maumivu ambayo yangekuonya. Anayerudia anaweza kupata kidonda cha konea kitakachomwachia kovu. Chupa ya ganzi haitoki kliniki kwenda geto, hata ikiwa imebaki kidogo.

Na taa: mkijifunza kutazama retina, punguzeni mwanga hadi ule mdogo unaotosha kuonesha, na mwenzenu akishatazamwa na watu wawili apumzike. Mwenye lenzi za kuvaa machoni azivue kabla ya rangi ya fluorescein, kwa sababu huzipaka rangi isiyotoka kirahisi. Akizivua asizioshe kwa maji ya bomba wala ya ndoo, maana vijidudu vya majini vinavyoshambulia konea ni wakaidi kutibu. Miezi ya Agosti hadi Oktoba, vumbi la barabara kuu pale Uyole likitimka, nashauri azipumzishe na avae miwani.

Macho mekundu

Januari 2024 nchi nzima ilijifunza jinsi ugonjwa wa macho mekundu unavyosambaa. Virusi vyake hukaa juu ya vitu kwa siku nyingi, na kliniki ya macho ndiyo mahali ambapo vitu vinaguswa na watu wengi: kipumziko cha kidevu, fremu ya majaribio, kifuniko cha jicho, kitasa cha mlango wa chumba cha giza. Nawa mikono kwa sabuni kati ya mgonjwa na mgonjwa, mbele yake akuone. Futa kidevu, paji na fremu kwa spiriti ya asilimia 70.

Ncha ya tonometa inayogusa konea haifutwi tu kwa spiriti. Inatumbukizwa kwenye klorini ya asilimia 0.5. Ukiwa na dawa ya klorini ya asilimia 3.5 inayouzwa madukani, pima sehemu moja ya dawa na sehemu sita za maji safi, tengeneza mpya kila siku, loweka ncha kwa dakika tano hadi kumi. Kisha isuuze vizuri kwa maji safi na uikaushe kwa kitambaa safi. Kinachoharibika hapa ni suuza: mwanafunzi ana haraka, foleni ni ndefu, ncha inarudi jichoni ikiwa na klorini na konea inaungua. Muwe na ncha mbili au tatu zinazopokezana, na haraka itakwisha yenyewe.

Ukiugua wewe, kaa nyumbani. Ugonjwa wenyewe unaweza kuambukiza kwa muda wa hadi wiki mbili. Najua kitabu cha kumbukumbu za wagonjwa kinadai namba na siku za kliniki zinahesabiwa, lakini daktari akikuandikia karatasi, siku hizo zinafidiwa. Wagonjwa kumi utakaowaambukiza, baadhi yao wazee waliosubiri kwa miezi kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, upasuaji wao utaahirishwa. Usiweke majani ya chai, wala maziwa ya mama, wala matone yaliyobaki ya mwenzako. Na usinunue duka la dawa yale matone yenye steroidi yanayoliweupesha jicho siku moja. Yanaweza kupandisha presha ya jicho, na kama kumbe ni malengelenge ya konea, yatalichochea.

Baridi, mkaa na chakula

Juni na Julai geto la Mbeya au Njombe usiku ni baridi ya kugandisha vidole, na mtu anataka kupiga msuli, yaani kusoma kwa bidii. Jiko la mkaa halikai ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake haina harufu na huua watu usingizini kabla hawajaamka kufungua dirisha. Vaa soksi mbili, jifunike blanketi mabegani, chupa ya maji moto weka mapajani, na mkaa ubaki nje. Asubuhi pasha vidole kabla ya kugusa kope za bibi wa watu. Lenzi za majaribio huingia ukungu ukitoka nje na kuingia ndani, na barakoa iliyolegea juu hupuliza pumzi kwenye lenzi za kuchungulia. Bana waya wa puani, ikibidi bandika plasta.

Kuhusu chakula sina maneno mengi, maana mkoa wenyewe umejaliwa. Kliniki huanza saa mbili asubuhi na huenda ukatoka saa nane. Chai na maandazi mawili hayakufikishi huko. Maharage ya jana na kiazi cha kuchemsha, au yai na ndizi, hukufikisha. Parachichi la Rungwe lipo sokoni Mwanjelwa na Sokomatola kwa bei ambayo Dar hawaioni. Bumu (fedha za mkopo wa kujikimu) likiingia, nunua kwanza kilo za maharage, mchele na dagaa za mwezi mzima, ndipo mengine yafuate, kwa sababu wiki ya mwisho kabla ya bumu jingine ndiyo wiki ambayo testi hupenda kuangukia. Maji nayo husahaulika kwenye baridi kwa kuwa kiu haiji. Beba chupa ya lita moja, imalizike kabla ya saa saba mchana. Mboga za majani, karoti na viazi lishe vina faida kwa macho, ila hakuna karoti inayofuta -2.00, nawe ukiulizwa na mgonjwa umwambie hivyo.

Mkienda huduma za mkoba Kyela, kumbukeni mnashuka hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Aliyezoea kulala bila chandarua Mbeya mjini hubeba malaria kurudi nayo, na homa huanza wiki moja hadi mbili baadaye, mara nyingi katikati ya mitihani. Chandarua kiwe cha kwanza kwenye begi, kabla ya chati ya Snellen (ile ya herufi za kupimia kuona) na kamba ya mita 6. Chanjo ya homa ya ini B nayo imalizike kabla ya kuanza kliniki: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Wengi hupata mbili wakasahau ya tatu.

Usingizi na hesabu za lenzi

Kukesha huonekana kama bidii. Kwenye anatomia unaweza kudhani kumekusaidia. Kwenye optiki ya miwani kunakuumbua mara moja, kwa kuwa makosa ya mtu aliyekosa usingizi yanafanana darasa zima. Kubadilisha namba ya miwani ya -2.00/-1.00×180 iandikwe kwa silinda chanya kunatoa -3.00/+1.00×90, namba ya mwisho ikiwa ni mhimili. Aliyekesha hubadilisha alama na kusahau kuzungusha mhimili. Kanuni ya Prentice, inayokokotoa prizimu (kiasi ambacho lenzi iliyohama katikati hupinda mwanga), inataka umbali kwa sentimita: lenzi ya -4.00 ikihama milimita 5 inatoa prizimu 2. Aliyekesha anaandika 20, na haoni kwamba prizimu 20 ni kitu ambacho mgonjwa asingeweza kutembea nacho. Ile hisia ya "jibu hili haliwezekani" ndiyo ya kwanza kuondoka usingizi ukipungua.

Lala saa nne usiku, amka saa kumi na moja alfajiri. Hizo ni saa saba. Maswali ya hesabu yafanye alfajiri, kichwa kikiwa kipya. Jioni iwe ya diskasheni na kusoma kwa kujiuliza: funga desa, chukua karatasi tupu, chora njia ya neva kutoka retina hadi nyuma ya ubongo, halafu fungua uone ulichoacha. Retinoskopu ipate dakika 15 kila siku kwenye jicho la mfano, badala ya saa tatu za Jumamosi. Mkono hujifunza kwa kurudia ukiwa haujachoka, na chumba cha giza kwa saa tatu hukupa macho yanayouma na mazoea mabaya ya kuinama. Kutembea nako kuna nafasi yake: kwa anayeishi Kihesa au Gangilonga pale Iringa, kupanda hadi kwenye jiwe la Gangilonga na kushuka jioni kunanyoosha mgongo uliokunjwa mchana kutwa, na macho yanatazama mbali bila kulazimishwa.

Ukiona usingizi haurudi hata ukipata nafasi, chakula hakina ladha, na hamu ya kuonana na watu imekwisha kwa zaidi ya wiki mbili, mwone mlezi wa wanafunzi au daktari mapema, ukiwa bado una nguvu ya kueleza. Vyuo vingi hukubali kuahirisha mtihani kwa mgonjwa aliyeleta barua na karatasi ya daktari kabla ya kuingia chumbani. Ukishaingia, ukajibu, ukapata sapu (mtihani wa marudio), ugonjwa wa siku hiyo ni vigumu sana kuutetea. Barua iwe na tarehe, jina la mtihani na nakala ya karatasi ya hospitali, ipite kwa mkuu wa idara, na wewe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.